Uzi: Mrushaji ashike gongo au aachiwe kurusha tu? Wapenzi wa besiboli tukutane hapa

KilimaChaKati (mwanzisha uzi)

Wakuu, najua mada za besiboli humu huzama kabla hazijafika ukurasa wa pili, watu wote wako kwenye uzi wa Simba na Yanga. Lakini tupo wachache tunaokesha na mechi za Marekani saa nane usiku, na jambo hili tumekuwa tukiligusa juu juu tu. Leo tubishane mpaka kieleweke.

Kwa asiyejua: timu ya besiboli ina watu 9 uwanjani, na kwa asili ya mchezo wale wale 9 ndio wanaopiga kwa zamu. Mrushaji, yule anayesimama kwenye kilima cha katikati, naye alikuwa na zamu yake, kwa kawaida ya tisa. Mwaka 1973 Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, ikaruhusu timu imweke mtu wa kumpigia mrushaji. Huyo ndiye DH (designated hitter), mpigaji mteule. Anapiga tu; timu ikienda kuzuia, yeye anakaa benchi anatafuna mbegu za alizeti. Ligi ya Taifa, ile ya pili, ikagoma, na kwa karibu nusu karne ligi mbili za mchezo mmoja zikacheza kwa sheria mbili. Mwaka 2020, msimu wa korona, wote wakatumia DH. Mwaka 2021 Ligi ya Taifa ikarudi kwenye utaratibu wake. Kuanzia 2022 DH ikapitishwa kwa wote, jumla.

Msimamo wangu ni kwamba walikosea, na sisemi hivyo kwa sababu warushaji walikuwa wanajua kupiga. Walikuwa wabovu, tusidanganyane. Ila ile zamu mbovu ndiyo iliyokuwa inambana kocha. Piga picha: awamu ya sita, ngoma ni 1–1, una watu wawili kwenye beisi (vile vituo vya kukimbilia), auti mbili na ya tatu inamaliza awamu, na zamu ni ya mrushaji wako ambaye usiku huo hashikiki. Ukimwacha apige, karibu hakika awamu imekwisha. Ukimtoa ukaingiza mpigaji wa akiba, umempoteza, kwa sababu besiboli aliyetoka harudi. Hapo uwanja mzima unakuwa na makocha elfu arobaini. Sasa hivi swali hilo halipo tena. Mrushaji anatoka akichoka, au kompyuta ikisema basi.

Leteni hoja.

MzeeWaFenway

Kijana wangu, umeandika vizuri lakini unatetea kitu ambacho ulikuwa unaenda kukojoa kikifika. Sema kweli. Zamu ya mrushaji ilikuwa muda wa watu kwenda kununua hotidogi.

Chukua msimu wa 2021, wa mwisho. Warushaji walipiga wastani wa .110. Yaani katika kila mara mia, hiti (kupiga na kufika beisi salama) kumi na moja. Zaidi ya mara nne katika kumi walitolewa kwa straiki tatu, yaani kukosa au kuachia mipira mitatu halali, bila hata kuugusa mpira kwa maana. Kocha wa upande wa pili naye akiona hatari, anampa mpigaji wa nane beisi ya bure makusudi (anarushiwa nje ya eneo, anatembea hadi beisi ya kwanza bila kupiga) ili akutane na mrushaji. Unamnyima mtazamaji mtu anayejua kupiga, unamletea asiyejua. Huo ndio mchezo unaoulilia?

Halafu msikubali mtu awaambie DH ni mambo ya kisasa. Connie Mack, kocha wa Philadelphia, alilileta wazo hili mwaka 1906. Lilichekwa tu, likakaa miaka zaidi ya sitini mpaka njaa ya mikimbio, yaani pointi, ilipowabana. Mwaka 1968 warushaji waliwanyanyasa wapigaji mpaka ikawa aibu: mrushaji Bob Gibson alimaliza msimu akiruhusu wastani wa mikimbio 1.12, na bingwa wa kupiga wa Ligi ya Amerika, Carl Yastrzemski, alitwaa taji kwa .301. Mwaka uliofuata wakashusha kilima kutoka inchi 15 hadi 10 na kulibana eneo la straiki. Ligi ya Amerika bado ikawa inadorora, mwaka 1972 ilipiga .239. Wakaleta DH mwaka 1973, ikapanda hadi .259 msimu mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama.

KilimaChaKati

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa historia. Ila umeishia 1973. Twende 2022, mwaka DH ilipoenea kote. Tuliahidiwa mikimbio. 2021, warushaji wakiwa bado wanapiga Ligi ya Taifa, timu zilikuwa zinapata wastani wa mikimbio 4.53 kwa mechi. 2022, bila mrushaji hata mmoja kwenye zamu ukimtoa Ohtani, yule Mjapani anayerusha na kupiga, ikashuka hadi 4.28. Wastani wa kupiga ukawa .243, wa chini kuliko wote tangu ule mwaka wako wa 1968. Tumewatoa wabovu wote na bado idadi ikashuka. Dawa imenywewa, homa ipo pale pale.

MzeeWaFenway

Marahaba. Hapo umechomekea. Warushaji wa leo wanarusha kwa kasi ambayo Gibson hakuwahi kuiona ikitoka benchi moja watu watano mfululizo, na mpira wenyewe msimu ule ulikuwa hauendi mbali. Bila DH ingeshuka zaidi. Huwezi kusema mwavuli haufanyi kazi kwa sababu mvua imezidi.

Msee254

Wadau, niingie na kriketi kidogo maana sisi Nairobi huo ndio mchezo wa gongo tunaoujua. Kwetu mrushaji anapiga, hakuna mjadala. Nambari kumi na moja, mpigaji wa mwisho, akiingia wote wanajua ni kibarua, na ndio raha yenyewe. Mechi inaweza kubaki mkononi mwa mtu ambaye hajui hata kushika gongo sawasawa, anachotakiwa ni kubaki tu hapo mwenzake amalize kazi.

Lakini hata huko DH imeingia kwa mlango wa nyuma. Ligi ya India ya IPL tangu 2023 ina sheria ya mchezaji wa kubadilisha mchezo: unapiga na mpigaji wa ziada, halafu unamtoa unaingiza mrushaji. Rohit Sharma, aliyekuwa nahodha wa India, alisema wazi haipendi kwa sababu inawakandamiza wale wanaofanya vyote viwili. Timu haiwahitaji tena, inachukua bingwa wa hiki na bingwa wa kile. Kenya ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 ilibebwa na watu wa kufanya vyote, akina Steve Tikolo, Odumbe na Thomas Odoyo. Ukiwapa sheria kama hiyo nchi ndogo zinaumia kwanza.

Kwa hivyo niko na KilimaChaKati.

BintiMwanza

Samahanini, mimi mgeni wa mchezo huu, nimeanza kufuatilia kwa sababu ya Ohtani tu kama wengine wengi. Swali la kijinga: kwa nini wasifanye mazoezi ya kupiga? Ni wanamichezo, wanalipwa mamilioni ya dola. .110 ni uzembe.

MzeeWaFenway

Si uzembe dada. Kuupiga mpira unaokuja maili 95 kwa saa, unaopinda dakika ya mwisho, una chini ya nusu sekunde kuamua, ni kazi ya kila siku tangu utotoni. Mpigaji wa kawaida anapata zamu zaidi ya 500 kwa msimu na bado anashindwa mara saba katika kumi. Mrushaji anayeanza anacheza kila baada ya siku tano, akipata zamu 60 kwa msimu ni nyingi. Na kwenye ligi ndogo walikolelewa wengi wao walikuwa wanapiga kwa nadra sana, DH ilikuwa imeshatawala huko. Unamlea mtu miaka sita bila gongo, halafu unampandisha ligi kuu unamkabidhi gongo.

KilimaChaKati

Na hilo ndilo linalonikera mzee! Hawakuzaliwa wabovu, walifanywa wabovu. Wes Ferrell miaka ya thelathini alipiga homrani (mpira unaopaa nje ya uwanja) 37 akiwa mrushaji. Rick Wise, Juni 1971, alirusha mechi nzima bila kuruhusu hiti hata moja na katika mechi hiyo hiyo akapiga homrani mbili. Tony Cloninger wa Atlanta, Julai 1966, alipiga homrani mbili za beisi zote zimejaa watu kwenye mechi moja! Wapigaji wakubwa wamestaafu hawajawahi kufanya hivyo.

MzeeWaFenway

Umetaja watatu katika miaka mia.

Kocha_Mchangani

Habarini wakuu. Nafundisha vijana wa sekondari hapa Dar, niseme ninachokiona.

Mnabishana kuhusu watu wa juu kabisa. Huku chini mambo ni kinyume. Kijana mwenye mkono wa kurusha ndiye mara nyingi mwenye jicho la kupiga pia. Ana nguvu, ana mizani, anausoma mpira. Ukimwambia wewe rusha tu, umeitoa timu mpigaji wake bora na umemnyima yeye nusu ya furaha. Kwetu vifaa ni vichache, vijana wanabadilishana glovu, na mtoto anayekuja mazoezini anakuja kupiga. Hakuna aliyekuja akasema mwalimu nifundishe kukaa benchi. Lile gongo la alumini likitoa mlio wake, hata waliokuwa wanacheza soka upande wa pili wa uwanja wanasimama.

Ila kuna upande wa pili na niwe mkweli. Nina mvulana mnene, miguu mizito, kwenye kuzuia ni hasara tupu. Lakini mpe gongo. Mpira anaoupiga unatafutwa. Bila nafasi ya DH huyo ningemwambia nini? Angeshahamia kwingine au angekaa nyumbani. Kwa hiyo mimi DH naitaka kwa ajili ya yule mvulana, na siitaki kwa ajili ya mrushaji wangu. Ikiwa hiari ya kocha, kama ilivyo, mimi naridhika.

Kaka_Nagoya

Kocha umenigusa. Niko Japani mwaka wa ngapi huu, na hoja yako ya yule mvulana ndiyo iliyotumika huku. Mashindano ya shule za sekondari yanayochezwa Koshien, ambayo hata yale ya kwetu Tanzania yamechukua jina lake, hayakuwa na DH miaka yote. Sasa wameikubali kuanzia 2026, na moja ya sababu walizotoa ni hiyo: kuwapa nafasi vijana wengi zaidi, pamoja na kuwapumzisha warushaji kwenye joto la Agosti. Ukishakaa jukwaani Koshien mchana wa Agosti hutabisha hiyo ya joto.

Kwa wakubwa, Japani ndiyo maabara nzuri kuliko Marekani. Ligi kuu huku nazo ni mbili. Pacific League ilichukua DH 1975. Central League ikakataa, na bado inaendelea hivyo hadi mwisho wa msimu wa 2026. Wameshatangaza kuanzia 2027 nao wanaingia. Kwa nini wamesalimu amri? Kipigo. Timu za Pacific zilitwaa ubingwa wa Japani mara nane mfululizo, 2013 hadi 2020. Mwaka 2019 na 2020 Softbank wa Pacific waliwafagia Yomiuri Giants wa Central 4–0, mara zote mbili. Giants! Hiyo ni kama kuona Al Ahly anapigwa nje ndani na hana la kusema. Baada ya hapo kocha wao Hara akapiga kelele kwamba bila DH tutaachwa mbali.

Maelezo yanayotolewa huku ni kwamba mrushaji wa Pacific anakutana na wapigaji tisa wa kweli kila usiku, hana wa kupumzikia, kwa hiyo anakomaa. Wa Central kila baada ya wanane anapata zawadi.

Msee254

Hiyo ya zawadi ni kweli lakini Softbank pia walikuwa na pesa ndefu. Usiipe DH sifa zote.

Kaka_Nagoya

Ni kweli, pesa ipo. Ila Giants nao si masikini, kaka.

MzeeWaFenway

Wacha niwape ile ambayo wapenzi wa "besiboli asilia" hawapendi kuisikia. Ligi ya Taifa haikuikataa DH kwa busara. Mwaka 1980 walipiga kura: wanne ndiyo, watano hapana, watatu hawakupiga upande wowote. Wa Philadelphia alikuwa makamu wa rais wa timu, Bill Giles. Alifika kikaoni akaambiwa sheria ingeanza 1982, akataka kumuuliza tajiri wake, tajiri yuko baharini anavua samaki, hapatikani. Simu za mkononi zilikuwa bado. Akajizuia kupiga kura. Mapokeo matakatifu ya miaka arobaini zaidi, chanzo chake mtu alikuwa anavua.

BintiMwanza

😂😂😂 Nimecheka mpaka bosi amegeuka.

KilimaChaKati

Mzee hiyo ni nzuri, nakupa tano. Lakini hata DH ya kwanza haikuwa na heshima sana. Ron Blomberg wa Yankees, Aprili 6, 1973, hapo hapo Fenway kwako, uwanja wa Boston. Beisi zimejaa, watu wanasubiri kuona maajabu ya mpigaji mteule wa kwanza duniani, na Luis Tiant akampa beisi ya bure. Hakupiga kitu. Gongo lake likapelekwa makumbusho ya Cooperstown kwa kutopiga. Na Yankees wakafungwa 15–5.

Sasa nirudi kwenye hoja ambayo hamjaigusa: uwajibikaji. Mrushaji asiyepiga anaweza kumlenga mtu mwili na asilipe yeye. Analipa mwenzake. Julai 2000 Roger Clemens, mrushaji wa Yankees, alimpiga Mike Piazza wa Mets kichwani. Ligi ya Amerika Clemens hakuwahi kushika gongo, nani atamrudishia? Ilibidi Mets wasubiri mpaka Juni 2002 alipokuja uwanjani kwao, Shea, sheria ya Ligi ya Taifa, Clemens lazima apige. Jiji zima lilijua kinachokuja. Shawn Estes akarusha wa kwanza kumlenga Clemens nyuma, ukapita nyuma ya makalio. Akakosa! Mwamuzi akaonya pande zote mbili, basi, nafasi imekwenda. Uwanja ukanung'unika. Halafu baadaye katika mechi ile ile Estes, mrushaji, mbovu wa kupiga kama wenzake, akamchapa Clemens homrani. Piazza naye akapiga yake. Mets 8–0.

Niambieni ni DH gani atawapa hadithi hiyo. Clemens aliadhibiwa na mtu wa tisa.

Mukono_Beisi

Hiyo nilikuwa siijui ssebo, asante. Huku Uganda tangu vijana wa Lugazi waende Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto (Little League) 2012 mchezo umekua, na sasa tuna vijana waliosajiliwa na timu za Marekani, wengine na Dodgers, mwingine na Pirates. Warushaji hao. Wote walianza wakipiga na kurusha na kudaka, maana ukiwa na mpira mmoja kila mtu hufanya kila kitu. Wakifika kule wanaambiwa chagua. Nadhani mnachobishania ni dalili tu, ugonjwa ni kuchagua mapema.

MzeeWaFenway

Ndugu Mukono umesema la maana, ila sasa nitawamaliza wote kwa jina moja: Ohtani.

Mnasema DH inaua watu wa vyote viwili. Babe Ruth alikuwa mrushaji bora Boston. Alipouzwa Yankees, akaacha kurusha, akawa mpigaji. Hakukuwa na DH. Kwa nini aliacha? Kwa sababu ili apige kila siku ilibidi acheze uwanjani kila siku, na huwezi kukimbia nje kule siku nne halafu ya tano urushe mpira mia. Zaidi ya miaka hamsini bila DH haikutuletea Ruth mwingine. Aliyekuja, alilelewa Pacific League, yenye DH. Akaenda Angels, Ligi ya Amerika, yenye DH. Siku ambazo harushi, anapiga kama DH na kuupumzisha mkono. Sheria mnayoilaani ndiyo iliyomzaa.

Mwaka 2024 alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, hawezi kurusha. Bila DH angekaa nyumbani mwaka mzima. Alipiga homrani 54, akaiba beisi (kukimbilia ya mbele bila kusubiri mpira upigwe) 59, akawa DH wa kwanza wa kudumu kuchukua tuzo ya mchezaji bora. Oktoba 17, 2025, dhidi ya Milwaukee, alirusha akawatoa watu kumi kwa straiki na mwenyewe akapiga homrani tatu, usiku mmoja, mechi ya kuwapeleka fainali. Homrani ya tatu aliipiga akiwa ameshatoka kilimani! Kwa sheria za zamani alipotoka kurusha angekuwa ametoka mchezoni.

BintiMwanza

Hiyo mechi ndiyo iliyonileta hapa.

Msee254

Mzee amepiga hapo. Nangoja jibu.

KilimaChaKati

Jibu lipo na sehemu moja nakubali. Ohtani anahitaji DH, sibishi. Lakini angalia alivyowekewa sheria mpya 2022 ili aweze kubaki akipiga baada ya kutoka kilimani. Maana yake sheria yenyewe ya DH ilikuwa imejengwa kwa dhana kwamba hakuna mtu kama yeye. Ilibidi ipasuliwe ili aingie.

Na mbona hajafuatwa? Timu 30, miaka yote hii, watu wa vyote viwili wanaodumu juu ni yeye. Mfumo umempa ruhusa yeye, haujafungua njia kwa wengine.

MzeeWaFenway

Kwa sababu ni kazi ngumu kuliko zote katika michezo. Hata wewe umesema mwenyewe warushaji ni wabovu.

Na msisahau majeraha. Chien-Ming Wang, mrushaji wa Yankees, mshindi wa mechi 19 mwaka 2006 na 19 tena 2007. Juni 2008 wako Houston, sheria ya Ligi ya Taifa, akalazimika kupiga na kukimbia beisi. Akachanika kano za mguu akikimbia kwenda beisi ya nyumbani. Hakurudi kuwa yule tena. Mrushaji mwingine, Adam Wainwright, Aprili 2015, alichana mshipa wa kisigino akitoka kupiga. Unaweka dola milioni mia kwenye mkono wa mtu halafu unampeleka akimbizane kwenye beisi kwa ajili ya .110.

Kocha_Mchangani

Mzee, warushaji wanaumia zaidi wakirusha. Viwiko vinapasuliwa kila mwezi. Kwa mantiki hiyo tuwakataze na kurusha.

Kaka_Nagoya

Kocha 😂

Mimi niseme kitu kuhusu ile zamu yenyewe, maana naiona kila wiki na wengi wenu mmeisahau. Si kwamba mrushaji anatoka kwa straiki tatu na basi. Mtu yuko beisi ya kwanza, hakuna auti, mrushaji anakuja. Anageuza gongo lilale, mkono mmoja unateleza juu hadi karibu na nembo, anauua mpira tu udondoke mbele yake. Watu wa pembeni wanakuja mbio, wote wanajua ni banti, na bado lazima itekelezwe. Ikikubali, uwanja wa Dragons unampigia makofi kama amefunga bao, wenzake wanatoka kumpokea kibarazani. Ikiharibika mtu akatolewa beisi ya pili, utasikia kimya cha lawama. Kuna warushaji wa miaka arobaini huku wanaofanya mazoezi ya banti kila asubuhi. Hicho kitu 2027 kinakwisha kwa upande wa warushaji, na sidhani waliopiga kura wanajua thamani yake. Na bado, kama ningekuwa shabiki wa Giants baada ya kufagiwa mara mbili, ningepiga kura hiyo hiyo.

Msee254

Kwani wewe si shabiki wa Giants?

Kaka_Nagoya

Nimeandika Nagoya kaka. Sisi ni Dragons, sisi tumezoea mateso bila kujali sheria.

KilimaChaKati

Nagoya ameeleza nilichokuwa natafuta maneno yake.

Kuna mechi moja huwa natumia kumpima mtu kama anaupenda mchezo huu. Atlanta na Mets, Julai 4, 1985. Mvua imesimamisha mara kadhaa, mechi imepita usiku wa manane, awamu ya 18. Atlanta wako nyuma 11–10, auti mbili, na wameishiwa wapigaji wa akiba wote. Zamu ni ya Rick Camp, mrushaji, ambaye maishani alikuwa hajawahi kupiga homrani. Straiki mbili tayari. Akapiga homrani. 11–11. Watangazaji walichanganyikiwa. Awamu ya 19 Mets wakapata tano, Atlanta wakarudisha mbili, watu wawili kwenye beisi, na zamu ikarudi kwa nani? Kwa Camp yule yule, homrani nyingine ingesawazisha. Akatolewa kwa straiki. Ilikwisha saa kumi alfajiri kasoro dakika tano, na kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wakalipua fataki zao hivyo hivyo. Wakazi wa jirani wakapigia polisi wakidhani mabomu.

Hiyo homrani ndiyo pekee katika maisha yake. Ingepigwa na DH, nani angeikumbuka?

BintiMwanza

Lakini kaka, unatuletea mechi moja kati ya maelfu. Hizo elfu nyingine Camp alitolewa na watu wakaenda kulala. Mimi kama mtazamaji mpya nisingekaa usiku kucha nikisubiri muujiza wa mara moja kwa miaka arobaini.

KilimaChaKati

Ndiyo maana sisemi turudi 1972, hilo halitatokea. Chama cha wachezaji kinaitaka DH, ni nafasi za kazi na mishahara ya wapigaji wenye umri, na wenye timu wameshazoea. Ninachotaka ni ile iliyojaribiwa kwenye Atlantic League, ligi ya chini huko Marekani, mwaka 2021: DH anafungwa na mrushaji aliyeanza. Mrushaji wako wa kwanza akitoka, DH naye anatoka. Unabaki na zamu ya kupigwa na mrushaji au kuingiza wa akiba. Ukitaka DH wako apige mpaka mwisho, mwache mrushaji wako aende mbali. Swali langu la awamu ya sita linarudi, na zile mbwembwe za kubadilisha wawili kwa mpigo, na mrushaji wa .110 hatumwoni akipiga awamu za mwanzo.

MzeeWaFenway

Hii angalau ina akili. Lakini umefikiria timu ambayo mrushaji wake ameumia awamu ya pili? Imepoteza mrushaji na mpigaji wake bora kwa ajali moja. Unaadhibu bahati mbaya. Na zile timu zinazoanza na mrushaji wa awamu moja tu makusudi?

Kocha_Mchangani

Hizo za awamu moja ndizo ningependa ziadhibiwe mzee.

Msee254

Akiumia, mwamuzi athibitishe, DH abaki. Rahisi.

MzeeWaFenway

Utaona watakavyoanza kushika kiwiko kila awamu ya tatu. Na Ohtani je? Yeye ndiye mrushaji na ndiye DH. Akitoka kilimani chini ya sheria yako, anakwenda nyumbani na ile homrani ya tatu ya Oktoba haipo. BintiMwanza asingekuwa hapa.

KilimaChaKati

Yeye anabaki. Aliyejiandika mwenyewe kwenye nafasi zote mbili haguswi.

MzeeWaFenway

Basi hiyo si sheria ya ligi, ni sheria ya mtu mmoja.

KilimaChaKati

Ya mtu mmoja tunayo tayari mzee. Tangu 2022 watu wote wanaiita kwa jina lake.